Lengo lilikuwa asilimia 5, tumefika 22: mimba za utotoni zimetushinda kisheria au kiafya?

#1 Mdau wa Mbozi

Habari za wakati huu, wakuu.

Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, huu tunaouita MTAKUWWA, ulipoanza kutekelezwa mwaka 2017/18 uliweka lengo la kushusha mimba za utotoni kutoka asilimia 27 hadi asilimia 5 ifikapo 2021/22. Muda ulipokwisha, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulitoa asilimia 22, na mkoa wetu wa Songwe uliongoza nchi nzima kwa asilimia 45. Kati ya utafiti uliotangulia na huo wa 2022, vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, na vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vikashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kumbe malengo ya afya yanafikika pale wauguzi, dawa na magari ya wagonjwa yanapopatikana. Kwa nini hili moja linagoma?

Dai langu ni kwamba sheria zetu zinamlinda mwanafunzi na kumwacha mtoto. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa ujauzito, anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Binti huyohuyo akiwa nje ya shule na ana miaka 15, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu baba yake kumwoza. Huku kwetu wapo wazazi wanaosubiri tu matokeo ya darasa la saba. Jina la binti lisipoonekana, wiki hiyohiyo posa inapokelewa, na hakuna mtendaji wa kijiji anayethubutu kuuliza, kwa kuwa hakuna kosa lililotendeka.

Naomba kuwasilisha.

#2 Takwimu Tu

Mkuu, uzi mzuri, ila hesabu zako zinahitaji kupigwa msasa kabla watu hawajazibeba kwenda nazo mitandaoni.

Kwanza, kipimo hicho kinahusu wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kupata mimba. Ndani yake wamo wenye miaka 18 na 19, ambao kisheria ni watu wazima, na wengine wameolewa kihalali kabisa. Nje yake wamo watoto wa miaka 12, 13 na 14, ambao ndio wenye hatari kubwa zaidi na ambao kipimo hakiwaoni. Mtu akisema "asilimia 22 ya watoto wana mimba" anakosea pande zote mbili.

Pili, usianzie kuhesabu mwaka 2015/16. Mfululizo wa tafiti hizi ni asilimia 26 mwaka 2004/05, 23 mwaka 2010, 27 mwaka 2015/16, kisha 22 mwaka 2022. Hapo mimi sioni mteremko. Naona kitu kinachopanda na kushuka mahali palepale kwa karibu miaka 20, huku sheria, mipango na mawaziri wakibadilika. Anayetaka kusema MTAKUWWA umeshusha kwa pointi tano anieleze kwanza nani aliyepandisha kwa pointi nne kabla yake.

Tatu, ile 556 ya vifo vya uzazi ilikuwa makadirio yenye mwanya mpana sana, tangu mia nne na kitu hadi mia sita na kitu. Kushuka kumetokea, lakini usiutumie mteremko huo kama kijiti cha kuchapia kiashiria kingine.

#3 Wakili Kijana

Namuunga mkono mleta uzi, na naongeza kwamba hali ni mbaya kuliko alivyoieleza.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo vifungu vyake viliingizwa katika Kanuni ya Adhabu, inasema kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, akiridhia asiridhie. Halafu inaweka mwanya: isipokuwa awe mke wa mwanamume huyo, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Kwa hiyo kitendo kilekile, kwa binti yuleyule mwenye miaka 16, ni kifungo cha miaka 30 au ni maisha ya ndoa, kutegemea kama mahari imepokelewa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa mtu mwenye umri chini ya miaka 18, lakini haikuufuta umri wa kuolewa uliowekwa na Sheria ya Ndoa. Ndiyo maana mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, ambayo Julai 2016 ilitamka kwamba kifungu cha 13 na cha 17 vya Sheria hiyo ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, vinakwenda kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Hadi mwaka 2024 Bunge lilikuwa halijabadilisha umri. Mnataka mkunga wa zahanati afanye nini ambacho Bunge limeshindwa kufanya?

#4 Jirani wa Kaskazini

Salamu kutoka Kenya. Naomba niwatie mchanga kidogo kwenye uji wenu wa sheria.

Sisi tulikwisha kufanya hayo mnayoyadai. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18 kwa wote, bila ruhusa ya baba wala ya hakimu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ni kali, na Sheria ya Watoto ya 2022 imekuja kuongezea. Kitaifa tumetoka asilimia 18 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022, na kwa hilo tunashukuru. Lakini katika utafiti huohuo Samburu ilikuwa na asilimia 50, na Pokot Magharibi 36. Sheria inayotumika Samburu ndiyo inayotumika Nyeri. Ikiwa sheria moja inazaa matokeo yaliyopishana kiasi hicho ndani ya nchi moja, basi kinachoamua si sheria.

Tena ukali una gharama zake. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama yetu ya Rufani walisema waziwazi kwamba umefika wakati wa kuujadili upya umri wa ridhaa, kwa kuwa magereza yanajaa vijana waliokuwa na uhusiano na wasichana wanaokaribiana nao umri.

#5 Mkunga Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Mimi si wa sheria, nilikuwa wa wodi ya wazazi na kliniki ya mama na mtoto, na nitasema yale yanayotokea mlangoni.

Binti wa miaka 16 akihisi ana mimba, jambo la kwanza analolisikia mtaani ni kwamba akienda zahanati ataulizwa nani aliyempa, na huyo aliyempa atakamatwa. Huenda huyo ndiye anayemnunulia chakula. Kwa hiyo anakaa nyumbani hadi tumbo liwe kubwa, anakuja mwezi wa sita au wa saba, na anaandikisha miaka 19. Nani atambishia? Wakati huo nafasi ya kupima mapema damu, kaswende na virusi vya UKIMWI imekwisha kupita, na presha yake inapopanda hatuna kipimo cha mwanzo cha kulinganishia. Wadogo hawa ndio wanaotuletea kifafa cha mimba na uchungu pingamizi, na baadhi yao fistula.

Kisha kuna ile desturi ya kumtaka mjamzito aje na mwenza katika hudhurio la kwanza. Nia yake ni njema, wapimwe wote wawili. Asiye na mwenza huambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Hebu fikirini binti wa miaka 16 anayekwenda kwa mwenyekiti, ambaye pengine ni baba yake mkubwa, kuomba barua ya kuthibitisha kwamba ana mimba na hana mume.

Kwa hiyo ninapomsikia wakili akisema sheria iwe kali zaidi, najiuliza ni wangapi zaidi watajificha.

#6 Wakili Kijana

Shikamoo mama. Sijasema iwe kali zaidi, nimesema iwe moja. Hizo ni hoja mbili tofauti.

Na kuhusu kuripoti: Sheria ya Mtoto, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa ya eneo lake. Mkunga hajaondolewa katika wajibu huo.

#7 Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Najua hakuondolewa. Nilichosema ni kwamba akiripoti kila mmoja, baada ya miezi michache hatakuwa na wa kumripoti.

#8 Bint Unguja

Naomba Zanzibar isisahaulike, maana inawavurugia nadharia zote mbili.

Hiyo Sheria ya Ndoa ya 1971 mnayoilaumu haitumiki kwetu hata kidogo; ndoa za Waislamu na migogoro yake ziko chini ya Mahakama za Kadhi. Tuna Sheria ya Mtoto yetu wenyewe, ya mwaka 2011. Pamoja na hayo, viwango vya mimba za umri huo visiwani viko chini sana kuliko vya bara, tafiti baada ya tafiti. Ingekuwa kasoro ya kifungu cha 13 ndiyo chanzo, sisi tusiokuwa hata na kifungu hicho tungekuwa wapi?

Msije mkasema ni ukali pia. Sheria ya mwaka 1985 ilikuwa ikimfunga jela mwanamke asiyeolewa akipata mimba. Mwaka 2005 ikafutwa, adhabu ikageuzwa kuwa kazi za kijamii. Na mwanafunzi aliyejifungua alikuwa akirudi shule kwetu miaka mingi kabla bara hawajakubali.

#9 Mwenye Mji

Maelezo ni mepesi: malezi na dini. Zanzibar mtoto wa kike analelewa na mtaa mzima.

#10 Bint Unguja

Ahsante kwa sifa, kaka, lakini usitupake rangi tusiyo nayo. Kituo cha Mkono kwa Mkono cha Mnazi Mmoja, kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili, kilifunguliwa mwaka 2011 kwa sababu watoto walikuwa wakibakwa, na bado wanaletwa. Mtaa mzima huohuo ndio unaokaa kikao cha kumsitiri mkosaji akiwa ni ami au mwalimu. Kiwango cha mimba kikiwa chini haina maana kwamba ukatili uko chini.

#11 Mwalimu wa Zamu

Nimefundisha shule za kata katika wilaya mbili za kusini, na naona mnakwepa jambo moja: umbali.

Ada ilipofutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia 2016, wasichana wengi waliingia sekondari. Shule iko kilomita 10 au zaidi kutoka nyumbani, bweni hakuna, hivyo wazazi wanawapangishia chumba karibu na shule. Binti wa miaka 14 anaishi peke yake geto, ametumiwa debe la mahindi la kumaliza mwezi, na mafuta ya taa yakiisha ni juu yake. Bodaboda anayempa lifti asubuhi hana haja ya kumdanganya sana. Hapo sheria ya miaka 30 ipo, imebandikwa hata ukutani ofisini, na mimba zipo. Ukijenga bweni zinapungua bila kubadili kifungu chochote.

Nakubaliana na #1 katika jambo moja tu. Ulinzi wetu umefungwa kwenye rejista ya shule, na miaka yote tulikuwa tukilifuta jina la binti katika rejista hiyo siku anapouhitaji zaidi. Kanuni za mwaka 2002 zilituruhusu kumfukuza kwa kosa la maadili, na mwaka 2017 tamko la Rais likawa msumari wa mwisho. Waraka wa Novemba 2021 uliporuhusu warudi, kuna walimu wenzangu walioupokea kwa kununa hadi leo.

#12 Takwimu Tu

Mwalimu, hoja ya bweni naipenda, lakini haielezi Songwe. Na mleta uzi, kabla hujasema Songwe "imepanda", kumbuka kwamba mkoa huo ulitangazwa mwaka 2016 na katika utafiti wa 2015/16 ulihesabiwa ndani ya Mbeya. Katavi ilikuwa na 45 wakati ule na imeshuka hadi 34. Songwe haina namba ya zamani ya kulinganisha nayo.

#13 Mdau wa Mbozi

Sikuandika kwamba imepanda, mkuu, rudia kusoma. Niliandika kwamba imeongoza. Wewe ungekuwa refa ungetoa kadi hata kwa mtazamaji.

Na Songwe naweza kuieleza bila utafiti: Tunduma. Ni mpaka wa Zambia, ni foleni ya malori usiku na mchana, nyumba za wageni zimepangana, na wasichana wanatoka vijijini kuja kufanya kazi za ndani na kuuza vyakula. Kahawa ikivunwa huku Mbozi nako fedha zinazunguka miezi michache, kisha ukame wa mfuko. Binti hayuko shule, kwa hiyo Sheria ya Elimu haimhusu. Hajaolewa, kwa hiyo si suala la ndoa. Ni mtoto tu, na hakuna rejista yoyote yenye jina lake.

#14 Karani wa Kata

Hapo kwenye rejista mmenigusa. Kesi nyingi za aina hii zinakwama kwenye umri. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba umri wa mwathirika ni sehemu ya kosa na lazima uthibitishwe. Unaweza kuthibitishwa na mzazi, ndugu, daktari, mwathirika mwenyewe au cheti. Cheti hakuna, mzazi amekwisha kukaa kikao na upande wa pili, na ghafla hakumbuki mwaka aliozaa.

Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, wa kuwasajili walio chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulianzia Mbeya mwaka 2013 na umesaidia mno. Lakini fanyeni hesabu: aliyekuwa na miaka sita au saba mwaka ule hakuhusika. Wengi wa hao ndio waliokuwa wasichana wa umri tunaouzungumzia utafiti ulipofanyika.

#15 Mwenye Mji

Sasa tumehamia kwenye vyeti. Kesho mtasema mimba zinaletwa na mashine ya fotokopi.

#16 Karani wa Kata

Mheshimiwa, mashine yetu ya fotokopi ni mbovu tangu mwaka jana, haiwezi kumpa mtu chochote.

#17 Nesi wa Chanjo

Naongezea upande wa afya uliosahaulika. Pale wizara ilipoamua kwamba umri usiwe kizuizi, tumeona tofauti. Mwaka 2019 sheria ya UKIMWI ilirekebishwa ili kijana wa miaka 15 apime bila kibali cha mzazi; kabla yake ilikuwa 18, na tulikuwa tukiwarudisha nyumbani watoto wenye hofu ya kweli. Chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kitaifa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Wapo wazazi waliotuzuia kwa madai kwamba inafunga kizazi. Baadhi ya hao hao hawakuona tabu kumwoza binti wa miaka 15.

Lakini hapo ndipo mgongano ulipo. Sheria moja inaniambia huyu wa miaka 15 ana akili ya kuamua kupima virusi. Nyingine inaniambia hana uwezo wa kuridhia tendo linaloleta virusi hivyo. Na ya tatu inasema anaweza kuwa mke wa mtu. Nikimpima, nijaze fomu gani?

#18 Wakili Kijana

Hakuna mgongano kati ya mbili za kwanza, dada. Kumpa mtoto huduma si kuhalalisha aliyotendewa. Mgongano ni ile ya tatu, na narudi palepale nilipoanzia.

#19 Mgeni wa Leo

Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo naomba ushauri, kwa kuwa haya mnayojadili yako ndani ya nyumba yetu. Binti wa kaka yangu ana miaka 16, aliachia kidato cha pili, na ana mimba ya miezi kama mitatu. Kijana ana miaka 19, anafanya kazi gereji. Kaka anataka wafunge ndoa haraka, anasema wakioana hakuna kesi. Mama yake binti anataka kwenda dawati la jinsia polisi. Binti mwenyewe anasema anataka kurudi shule, na hataki yote mawili.

#20 Wakili Kijana

Pole sana. Kaka yako ameisoma sheria vizuri kuliko Bunge, na hilo ndilo la kusikitisha: ndoa hiyo ikifungwa kwa ridhaa yake, ule mwanya niliouandika #3 unaanza kufanya kazi, ingawa kwa haki kabisa haufuti yaliyotendeka kabla ya ndoa. Bila ndoa, kijana wa miaka 19 yuko katika adhabu ya miaka 30. Angekuwa na miaka 18 au chini yake na ni kosa lake la kwanza, sheria inataja viboko tu. Mwoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla ya lolote, na ndoa isimamishwe.

#21 Jirani wa Kaskazini

Miaka 30 kwa pengo la miaka mitatu. Ndicho nilichokuwa nikikisema.

#22 Mwalimu wa Zamu

Akiolewa, waraka wa 2021 hautamsaidia, atakuwa mke wa mtu. Binti amesema anataka shule. Mwandikieni mkuu wa shule barua mapema, mimba ingali changa, na mwombe nakala yenye muhuri.

#23 Mdau wa Mbozi

Naona wote tunagombania huyu kijana afungwe au aoe. Hakuna aliyeuliza binti analala wapi usiku wa leo.

#24 Mkunga Mstaafu

Mwanangu Mgeni, mpeleke kliniki wiki hii, awe na mama yake au shangazi, si lazima kijana awepo. Wakiwadai barua ya mwenyekiti, mwombeni muuguzi mfawidhi mzungumze naye faragha. Apimwe damu na presha, aanze vidonge vya kuongeza damu, na mwambieni aandikishe umri wake wa kweli, kwa maana hatari zake ni za miaka 16, si za 19. Wenye sheria wataendelea kubishana hapa, na wana haki yao.

#25 Mgeni wa Leo

Asante mama, asanteni nyote. Binti yupo kwangu tangu juzi. Kliniki tunakwenda kesho kutwa, na barua ya shule nimeanza kuiandika. Kuhusu dawati la jinsia, kaka na mkewe hawasemezani.

#26 Takwimu Tu

Nakutakieni heri. Kwa faida ya uzi: awamu ya pili ya MTAKUWWA ni ya 2024/25 hadi 2028/29. Mwenye nakala kamili aweke hapa ukurasa wa viashiria, tuone kama safari hii wamewatenganisha wa miaka 15 hadi 17 na wale wa 18 na 19, na kama kuna mahali popote wanapohesabiwa wa chini ya 15.

#27 Karani wa Kata

Nakala ipo ofisini, ya karatasi. Mashine mnaijua hali yake. Nitapiga picha kwa simu, ukurasa mmoja mmoja.